Jiwe la Nani? Mchimbaji wa Kigeni, Mwenyeji na Sheria

Julai 2025 Serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Katika orodha hiyo, pamoja na uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na biashara ya rejareja, umo uchimbaji mdogo wa madini. Amri ilikuja baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wafanyabiashara wa Kariakoo dhidi ya wageni, na wageni waliotajwa zaidi ni Wachina. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, kufungwa na kufutiwa kibali cha kuishi nchini.

Habari kama hii ikifika Micheweni, kaskazini mwa Pemba, ambako kubanja kokoto ni riziki ya kaya nyingi, huzua maswali matatu ambayo mara nyingi hujibiwa kana kwamba ni moja. Je, amri hii inatuhusu? Je, mgeni mwenye mtaji anaweza kupewa jiwe letu? Na je, jiwe lenyewe ni letu kisheria?

Pemba haina sifa ya kuwa na machimbo ya Wachina. Mchina anayefahamika zaidi kisiwani ni daktari, hasa kwa wanaotibiwa Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 170 nchi mbalimbali zimetunga sheria juu ya mchimbaji wa Kichina katika ardhi ya watu wengine, na historia hiyo ina majibu ambayo mjadala wetu unayahitaji. Uchambuzi huu unapitia njia nne zilizojaribiwa na kuzipima kwa vipimo viwili: zilimtendeaje mgeni, na zilimwachia nini mwenyeji wa ardhi.

Chanzo cha mkanganyiko

Sababu ya kwanza ni mgawanyo wa mamlaka ndani ya Muungano. Ardhi na madini ya kawaida si mambo ya Muungano, ingawa mafuta na gesi asilia yametajwa katika orodha iliyomo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, pamoja na Sheria ya Madini ya 2010, ni sheria za Tanzania Bara. Amri ya Julai 2025 nayo imesimama juu ya sheria ya leseni za biashara ya Bara, na Zanzibar ina utaratibu wake wa leseni. Kwa hiyo mkaazi wa Wingwi au Maziwa Ng'ombe anayesikia redioni kwamba kijiji kina mamlaka juu ya ardhi yake, au kwamba leseni ndogo ya madini ni ya raia peke yake, anasikia sheria isiyofika shehia yake.

Upande wa pili, uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Mgeni mmoja anayesimama juu ya jiwe la Micheweni anaangaliwa na mamlaka mbili: kuingia na kuishi kwake nchini kuko kwenye Muungano, na ardhi aliyoikanyaga iko kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Mgawanyo wa namna hii uliwahi kuamua kesi nzima. Bunge la jimbo la British Columbia, Kanada, lilipiga marufuku Wachina kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa ya mawe. Mwaka 1899, katika shauri la Union Colliery dhidi ya Bryden, Baraza la Faragha la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu ya dola hiyo, lilibatilisha katazo hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba mambo ya wageni ni ya serikali kuu na jimbo limevuka mipaka yake. Majaji walipima mamlaka ya jimbo na mamlaka ya serikali kuu. Haki ya mataifa ya asili ya Kisiwa cha Vancouver, ambao makaa hayo yalikuwa chini ya ardhi yao, haikuwa sehemu ya shauri.

Sababu ya pili ni ardhi yenyewe. Magharibi ya Pemba ina vilima vya udongo mzito wenye mikarafuu. Sehemu kubwa ya upande wa mashariki wa Micheweni ni uwanda wa mawe ya matumbawe, ambako watu hupanda muhogo, mtama na kunde katika mifuko ya udongo iliyo baina ya mawe, hufuga ng'ombe na mbuzi, na hubanja kokoto. Mwanamke hukaa chini na nyundo, huweka jiwe juu ya jiwe, hubanja na kutenga ukubwa kwa ukubwa, na lundo likitimia husubiri gari la mnunuzi. Kazi hiyo haihitaji mtaji mkubwa, na ndiyo maana maskini anaimudu. Kwa sababu hiyohiyo, mashine moja ya kusaga kokoto inaweza kuwaondoa sokoni wabanjaji wengi kwa mara moja, awe mwenye mashine ni mgeni au ni mwananchi kutoka mjini.

Njia ya kwanza: kumtoza mgeni na kumfungia mlango

Dhahabu iligunduliwa Coloma, California, Januari 1848, katika ardhi ya Wanisenan, wenyeji wa asili wa huko. Wachimbaji walimiminika kutoka kila upande wa dunia, Wachina wakiwamo. Mwaka 1850 jimbo liliweka kodi ya wachimbaji wa kigeni ya dola 20 kwa mwezi. Kodi hiyo ilifutwa mwaka uliofuata, ikarudi 1852 kwa dola 3 na baadaye ikapandishwa hadi dola 4. Kodi hii ya pili iliwaangukia Wachina kuliko wengine wote, na kwa miaka mingi ilikuwa chanzo kikubwa cha mapato ya jimbo. Iliondoka 1870, baada ya sheria ya shirikisho kukataza ubaguzi wa namna hiyo.

Watetezi wake walikuwa na hoja. Jimbo lilikuwa changa na halikuwa na fedha, na wachimbaji wazungu walidai kwamba mgeni anayekubali pato dogo anawashushia wote. Lakini mwaka 1854, katika shauri la People dhidi ya Hall, Mahakama ya Juu ya California ilifuta hukumu ya mzungu aliyetiwa hatiani kwa kumuua Ling Sing, Mchina, kwa sababu mashahidi waliomtia hatiani walikuwa Wachina. Sheria ya wakati huo iliwakataza weusi na Wahindi Wekundu kutoa ushahidi dhidi ya mzungu, na mahakama ikaamua kwamba Mchina naye anaingia humo. Mgeni na mwenyeji wakafungiwa mlango mmoja wa mahakama. Mtu aliyekuwa akilipa kodi kila mwezi hakuweza kusimama kizimbani kueleza aliyemnyang'anya au aliyemuua mwenzake.

Wenyeji walipata kidogo zaidi. Mwaka 1851 na 1852 wajumbe wa serikali ya Marekani walitia saini mikataba 18 na mataifa ya asili ya California, wakiahidi kuwatengea ardhi. Baraza la Seneti lilikataa kuiridhia mwaka 1852, na mikataba ikafichwa hadi 1905.

Koloni la Victoria, Australia, lilipita njia iyo hiyo. Sheria ya 1855 ilitoza pauni 10 kwa kila Mchina aliyeshuka, na ikaweka ukomo wa idadi yao kulingana na tani za meli. Matokeo yake wengi walishukia Robe, katika koloni jirani la South Australia, wakatembea kwa miguu hadi machimboni. Hapa kuna somo la kivitendo: mlango ukifungwa upande mmoja na mamlaka moja, watu hupita upande wa mamlaka nyingine. Watu wa Dja Dja Wurrung, ambao dhahabu ya Bendigo ilikuwa katika ardhi yao, walisubiri hadi 2013 kupata makubaliano ya kutambuliwa na serikali ya Victoria. Kodi juu ya Wachina ilikuwa imekwisha kufutwa karne moja na nusu kabla yake.

Nguvu ya njia hii ni wepesi wake: sheria moja, mapato ya haraka, wapiga kura walioridhika. Udhaifu wake ni kwamba kodi ilikwenda katika hazina ya wavamizi wa mwanzo, na mwenye ardhi hakuonja hata senti.

Njia ya pili: kumleta mgeni na kumfunga kwa mkataba

Afrika ilijaribu njia tofauti. Vita vya Waingereza na Makaburu vilipokwisha 1902, migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, katika koloni la Transvaal, Afrika Kusini, ilikosa vibarua. Wenye migodi walikuwa wamepunguza mshahara wa Mwafrika, na Waafrika wengi wakakataa kurudi. Badala ya kupandisha mshahara, wenye migodi waliomba vibarua kutoka China. Sheria ya kuingiza vibarua Transvaal ilipita 1904, ikafuatwa na mapatano ya Uingereza na China mwaka huohuo. Wachina zaidi ya 63,000 waliletwa.

Mkataba ulikuwa wa miaka 3. Kibarua alilazimika kuishi ndani ya kambi ya mgodi na kuomba kibali kila alipotaka kutoka. Alikatazwa kumiliki ardhi, kufanya biashara na kushika kazi za ufundi zilizoorodheshwa ndani ya sheria, na mkataba ukiisha alirudishwa kwao. Mateso ya vibarua hao yalizua hasira Uingereza na kuwa moja ya hoja za uchaguzi wa 1906 uliokipa chama cha Liberal ushindi. Uingizaji ulisimamishwa, na kufikia 1910 wa mwisho walikuwa wameondoka.

Kwa mwenye mgodi faida ilikuwa wazi: uzalishaji ulirudi haraka, na mgeni asiyeweza kukaa hawezi kudai ardhi. Wapo hata leo wanaoamini kwamba vibarua wa kigeni waliofungiwa kambini ni salama kwa wenyeji kuliko wageni wanaochangamana nao. Historia inawakanusha. Kuwepo kwa vibarua hao kuliondoa nguvu pekee aliyokuwa nayo Mwafrika, yaani kukataa kufanya kazi kwa ujira mdogo. Orodha ya kazi walizokatazwa Wachina ilitangulia ubaguzi wa kazi migodini uliofuata kwa Mwafrika chini ya Sheria ya Migodi na Kazi ya 1911. Miaka miwili baadaye Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ya 1913 iliwabakishia Waafrika takriban asilimia 7 ya ardhi ya Afrika Kusini. Kilichozoeleka juu ya mgeni asiye na wa kumtetea kilikuja kumtawala mwenyeji mwenyewe.

Njia ya tatu: kuwaachia raia machimbo madogo

Baada ya uhuru nchi nyingi za Afrika zilichagua kuigawa kazi yenyewe: uchimbaji mdogo uwe wa raia, na mgeni aingie kupitia leseni kubwa na kampuni. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Madini ya 2010 inatoa leseni ndogo kwa Watanzania. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inaruhusu uchimbaji wa mikono kwa Mkongomani mtu mzima peke yake, akiwa na kitambulisho cha mchimbaji.

Hii ni njia ya haki kuliko zile mbili za mwanzo. Haimtozi mgeni kwa sababu ya asili yake wala haimfungi kambini. Inasema tu kwamba riziki ya chini kabisa iachwe kwa wasio na mahali pengine pa kwenda.

Udhaifu wake umeonekana wazi Mwenga, Kivu Kusini, hukohuko Kongo. Makampuni yenye mtaji wa Kichina yaliingia huko yakishirikiana na vyama vya ushirika vya wachimbaji wadogo. Ushirika ulikuwa na jina na kibali. Mashine na fedha vilikuwa vya mgeni. Wenyeji walilalamika kwamba mashamba yamefukuliwa na mito imechafuliwa. Agosti 2021 Gavana Théo Ngwabidje alisimamisha shughuli za makampuni kadhaa na kuwaamuru wafanyakazi waondoke. Uchimbaji usio halali haukukoma. Januari 2025 mahakama ya Bukavu iliwahukumu Wachina watatu kifungo cha miaka 7 baada ya kukamatwa na dhahabu na fedha taslimu.

Kwa nini katazo lilivuja? Mwenyeji mwenye kibali hakuwa na mtaji, na mwenye mtaji hakuwa na kibali. Pengo hilo likazaa biashara ya kuazima jina. Isitoshe, tangu Sheria ya Ardhi ya 1973 udongo wa Kongo ni mali ya dola, kwa hiyo mkulima wa Mwenga aliyefukuliwa shamba hakuwa na karatasi ya kumshitaki mtu nayo. Marekebisho ya 2018 yaliagiza asilimia 15 ya mrabaha ifike kwenye mamlaka ya mahali panapochimbwa, lakini mrabaha hukusanywa juu ya uchimbaji unaoandikwa. Dhahabu inayotoka usiku haina mrabaha.

Njia ya nne: Serikali imiliki, mgeni akodishwe

Zanzibar imeshika njia ya nne. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote iliwekwa chini ya Serikali, na kuanzia 1965 familia nyingi ziligawiwa eka tatu tatu, hasa katika ardhi yenye rutuba iliyokuwa ya mashamba makubwa. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ilithibitisha kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais. Mzanzibari hupewa haki ya matumizi; mgeni hukodishwa kwa mkataba wa muda maalumu. Miti inaweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye ardhi, jambo linalolingana na desturi ya visiwa. Micheweni yenyewe ni moja ya maeneo yaliyotengwa kuwa maeneo huru ya uchumi, pamoja na Fumba kule Unguja.

Nguvu ya utaratibu huu ni kwamba mgeni hawezi kuinunua ardhi akaondoka nayo moja kwa moja. Serikali ina uwezo wa kuweka masharti katika mkataba, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015 inadai tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa. Hakuna haja ya kumwinda mgeni mitaani, kwa sababu anaingia kwa mlango unaojulikana.

Udhaifu wake unamwangukia mtu wa uwanda. Ardhi yake ameirithi kwa desturi, mipaka yake inajulikana kwa majirani na wazee, na mara nyingi haijaandikwa popote. Fidia inapokadiriwa kwa kuhesabu vipando, mwenye mikarafuu 20 ana cha kuhesabiwa. Mwenye jiwe na muhogo wa msimu ana kidogo, japo jiwe hilo ndilo lililosomesha watoto wake. Na mwanamke anayebanja kokoto katika ardhi ya ukoo au ya mume, bila hati yake mwenyewe, huenda asitokee kabisa kwenye orodha ya walioathirika.

Kuzipima njia nne

Tukivileta pamoja vipimo vyetu viwili, sura inakuwa wazi. California na Victoria zilimwonea mgeni na hazikumpa mwenyeji chochote. Transvaal ilimfanya mgeni mtumwa wa mkataba, na mwenyeji akaja kutiwa katika hali iyo hiyo. Kongo na Tanzania Bara zinamlinda mwenyeji kwa jina la uraia, lakini uraia peke yake hauna mtaji, na raia tajiri wa mbali anahesabiwa sawa na maskini aliyezaliwa juu ya jiwe. Zanzibar inamdhibiti mgeni vizuri zaidi kuliko zote, lakini inamwacha mwenyeji asiyeandikishwa mikononi mwa hisani ya ofisi.

Kuna wanaosema kwamba dawa ni kuingiza haki maalumu za watu wa asili. Tanzania ilipiga kura ya kuunga mkono Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili mwaka 2007, na Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha iliwapa ushindi Waogiek wa msitu wa Mau dhidi ya Kenya mwaka 2017. Hoja hii ina uzito pale ambapo jamii moja imetengwa na taifa zima. Visiwani, ambako damu zimechanganyika kwa karne nyingi na Mapinduzi yenyewe yalijengwa juu ya kukataa madaraja ya asili, kuamua nani ni wa asili zaidi kutafungua kidonda. Funzo la Waogiek linaloweza kuchukuliwa bila hatari hiyo ni dogo na imara zaidi: matumizi ya muda mrefu ya ardhi ni haki hata kama hakuna hati, na dola ina wajibu wa kushauriana na watumiaji kabla ya kuwaondoa.

Wapo pia wanaosema tuifungie nje mitaji yote ya kigeni. Gharama yake ni ya kweli: Micheweni inahitaji ajira, barabara na viwanda, na kijana asiye na kazi hafaidiki na jiwe lililolala. Lakini anayeharakisha uwekezaji kabla ya kuandika haki za wenyeji naye ana gharama, na gharama hiyo hulipwa na mtu mmoja tu, yule mwenye nyundo.

Hitimisho

Katika nchi zote tulizozipitia, sheria zilishughulika sana na swali la mgeni ni nani, zikachelewa kuuliza aliyekuwa juu ya ardhi alikuwa na haki gani. Kumwadhibu mgeni hakukuwahi kumpa mwenyeji ardhi. Ulinzi wa mwenyeji ni haki yake iliyoandikwa, inayoweza kusimama mahakamani dhidi ya yeyote, Mchina, mtu wa Bara, mtu wa Unguja au jirani.

Kwa Micheweni hilo lina maana ya mambo manne. Utambuzi na uandikishaji wa ardhi ufike uwandani kwa haraka ileile kama unavyofika ufukweni, na majina ya wanawake yaandikwe. Ukadiriaji wa fidia uhesabu jiwe na kazi ya kokoto kama chanzo cha kipato, sambamba na miti. Mkataba wowote wa kuchimba au kusaga mawe ujulikane kwa wananchi wa shehia kabla ya kutiwa saini, ukiwa na sharti la kufukia mashimo. Na mgeni atakayekuja kihalali alindwe na sheria zilezile za kazi na za mahakama zinazomlinda mwananchi, kwa sababu anayeweza kudhulumiwa bila kusikilizwa hutumiwa kushusha ujira wa wote.

Amri ya Julai 2025 haitayafanya haya kwa niaba ya Pemba. Kazi hiyo ni ya Baraza la Wawakilishi, Kamisheni ya Ardhi na wananchi wenyewe, na inafaa ikamilike kabla mashine ya kwanza haijawashwa.